Gari limezima katikati ya korongo: kabla hujapiga starta tena

Swali: Shikamoo fundi. Nina Probox ya petroli, sisi (cc) 1500, gia za mkono. Juzi jioni nilikuwa natokea Gulwe kurudi Mpwapwa nikakuta korongo linapitisha maji. Wenzangu walikuwa wanavuka, maji yapo chini ya bampa, nami nikaingia. Nikiwa katikati Fuso likapishana nami, wimbi likapiga mbele ya gari, nikakanyaga mafuta ili nitoke haraka. Injini ikakata ghafla bila hata kukohoa. Vijana wakanisukuma hadi ng'ambo. Nikapiga starta mara moja, ikagonga "ko!" ikanyamaza. Betri ni nzima, taa zinawaka vizuri. Tukalivuta kwa kamba hadi nyumbani. Fundi wa hapa mtaani anasema tulisukume likiwa gia ya pili, litawaka na maji yatatokea kwenye ekzosi. Jirani yangu, naye ni dereva wa siku nyingi, anasema nimwage oili na kuisafisha injini kwa dizeli. Mimi nimefungua eya klina nikakuta filta imelowa chepechepe. Maji yaliingiaje wakati hayakufika kwenye boneti? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na la haraka, mengine tutayazungumza taratibu. Usilisukume. Usilivute likiwa ndani ya gia. Ufunguo mkabidhi mama watoto, na terminali ya hasi ya betri ifungue leo hii. Dalili zote ulizonieleza zinaonyesha maji yameingia ndani ya silinda, na injini ya namna hiyo mara nyingi haimalizwi na korongo. Inamalizwa nyumbani, na watu wema waliokuja kusaidia iwake.

Sababu yake ni hii. Pistoni ikishuka inavuta hewa, ikipanda inaibana hewa hiyo huku valvu zote zimefunga. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali, kwa hiyo pistoni inayopanda ikikutana nayo ni kama imewekewa jiwe. Wala hayahitajiki mengi. Injini ya Probox yako, ile 1NZ, ina silinda nne, kila moja kama sisi 374, na inabana hewa mara 10.5. Ukipiga hesabu utaona kwamba pistoni ikifika juu kabisa, nafasi inayobaki juu yake ni kama mililita 39. Vijiko vitatu vya chakula havitoshei humo. Maji yakizidi kiasi hicho katika silinda moja tu, kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, haiwezi kumaliza mzunguko. Kitu lazima kikubali kushindwa, na kinachoshindwa huwa ni konrodi, ule mkono unaoiunganisha pistoni na kranki. Inapinda, au inakatika na kutoboa bloki.

Ule mlio wa "ko" uliousikia ndio huo. Starta ilizungusha kidogo, pistoni ikapanda, ikagota kwenye maji. Starta ina nguvu, lakini ikikwama hivyo kwa kawaida inanyamaza tu, na hapo una bahati kwamba ulijaribu mara moja ukaacha. Kusukuma ni jambo jingine kabisa. Gari lako lina uzito wa kama tani moja. Likiwa katika mwendo, ukaachia klachi kwenye gia ya pili, uzito wote huo unakwenda kuilazimisha kranki izunguke. Starta hunyamaza ikishindwa, tani moja iliyo katika mwendo hainyamazi. Yule fundi anayesema maji yatatokea ekzosi hajasema uongo wote, maana maji kidogo yanaweza kweli kutoka hivyo. Ila hajui ni kiasi gani kimo ndani, nawe hujui, na hakuna wa kujua mpaka plagi zitoke.

Sasa swali lako la maji yameingiaje. Wengi wanadhani injini inavutia hewa kule juu, karibu na boneti. Fungua boneti ulifuate lile bomba la plastiki linalotoka kwenye boksi la eya klina, uone mdomo wake uko wapi. Kwenye magari mengi madogo uko nyuma ya shoo ya mbele au pembeni ya taa, na mengine umeingizwa ndani ya fenda, karibu na tairi. Walioliunda walitaka injini ipate hewa baridi. Makorongo ya Mpwapwa hawakuyafikiria. Kwa hiyo kipimo chako cha hatari kiko kwenye mdomo wa bomba hilo, na maji ya korongo hayasimami sawa kama ya kwenye beseni. Gari likiingia linasukuma wimbi mbele yake, na Fuso likipishana nawe linaleta wimbi la pili juu ya lile la kwanza. Maji uliyoyaona chini ya bampa ukiwa ukingoni, kwa sekunde mbili tatu yalikuwa usawa wa taa.

Halafu ukakanyaga mafuta. Ni jambo la kawaida, mtu akiogopa mguu unashuka wenyewe. Lakini injini ya sisi 1500 ikizunguka mara 4000 kwa dakika, mafuta yamekanyagwa, inaweza kumeza karibu lita 50 za hewa kwa sekunde moja. Mdomo unaovuta kwa kasi hiyo hauhitaji kuzama. Ukiguswa na wimbi mara moja, unakunywa. Juu ya hapo feni ya rejeta, kama iliwaka wakati ule, ilikuwa inarusha maji nyuma juu ya injini yote.

Umesema jambo moja ambalo nimelitilia maanani: injini ilikata bila kukohoa. Gari hukatika majini kwa njia tatu. Ya kwanza, umeme umelowa, yaani koili zinazopeleka umeme kwenye plagi, soketi au sensa. Hapo injini hukohoa, hutetemeka, hukosa nguvu, kisha huzima, na ukipiga starta inazunguka vizuri bila kuwaka. Ya pili, karatasi ya filta imenyonya maji ikavimba na kuziba, injini ikakosa pumzi ikafa taratibu. Hizi mbili ni nafuu. Ya tatu ni yako: kukata ghafla, kisha starta kugota. Sijaliona gari lako, lakini ningeshughulika nalo kwa kuchukulia kwamba maji yamo ndani mpaka ithibitike vinginevyo.

Na hapa nikwambie ukweli ili usije ukasema sikukueleza. Kwa kuwa injini ilikatika ikiwa inazunguka kwa kasi, inawezekana konrodi ilipinda palepale korongoni. Inawezekana pia ni salama kabisa. Kazi ninayokupa hapa chini ni ya mambo mawili: kutoa maji bila kuongeza hasara, na kujua kama hasara ilishaingia.

Ifanye leo au kesho asubuhi. Usingoje fundi wa kutoka Dodoma atakayekuja wiki ijayo. Maji ya korongo yana tope, na kuta za silinda ni chuma kitupu kilichofutwa oili na maji hayo. Kutu inaanza mapema mno. Zikipita siku kadhaa, ringi za pistoni zinaweza kushika ukutani, na injini ambayo ingepona kwa kubadilisha plagi na oili ikaishia kufunguliwa yote.

Gari liwe mahali tambarare, gia iwe nyutro, weka mawe kwenye magurudumu. Betri umeshafungua. Kabla ya kugusa chochote cha kuzungusha injini, ingia chini ufungue nati ya kumwagia oili kwenye sampu, lile beseni la chini ya injini. Weka chini yake chombo cheupe. Fungua pole pole na uangalie kinachotangulia. Maji ni mazito kuliko oili, hukaa chini, kwa hiyo kama yapo yatatoka ya kwanza, mara nyingi masafi kiasi cha kukushangaza, kisha ndipo oili nyeusi ifuate. Usiridhike na dipstiki pekee, kile kijiti cha kupimia oili. Dipstiki ikionyesha oili imepanda juu ya alama, au ina rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yapo bila ubishi. Lakini ikiwa injini haijazunguka tangu maji yaingie, oili na maji havijachanganyika, dipstiki inaweza kuonyesha oili nzuri tu. Chota oili uliyomwaga, weka kwenye chupa ya maji ya kunywa iliyo angavu, iache usiku kucha. Asubuhi utaona mstari.

Ukishamwaga, njoo juu. Toa filta na uitupe. Najua utajaribiwa kuipiga upepo kwenye kompresha kisha kuianika juani, hasa kwa kuwa ilionekana mpya. Usifanye hivyo. Filta ya kwetu hubeba vumbi la Dodoma, lile jekundu jepesi kama unga, na vumbi likilowa linageuka udongo ndani ya mikunjo ya karatasi. Karatasi yenyewe ikishavimba, gundi na nyuzi zake zimelegea. Siku moja itachanika usijue, na mchanga utapita moja kwa moja kwenye silinda. Ungeokoa injini kutoka kwa maji, ukaiua kwa vumbi mwezi wa saba.

Angalia boksi la eya klina ndani, pande zote mbili. Upande kabla ya filta ukiwa na maji, hilo bado si kitu. Upande baada ya filta, ule unaokwenda kwenye injini, ukiwa na matone au michirizi ya tope, basi maji yalipita. Pitisha kidole ndani ya bomba hadi kwenye throto, ule mlango wa hewa wa injini. Chini kabisa ya boksi tafuta tundu dogo la kutolea maji. Maboksi mengi yanalo, na kwa huku kwetu karibu yote niliyoyafungua nilikuta tundu limeziba kwa vumbi, ambalo mwenye gari hakujua hata lipo. Lizibue kwa waya. Lile lisingekuokoa na wimbi la Fuso, ila linasaidia maji madogo ya mvua yasikusanyike. Kwenye bomba hilo hilo kuna sensa ya hewa yenye waya mwembamba mno ndani. Ichomoe kwa uangalifu. Isiguswe kwa kidole wala kitambaa, ioshwe kwa dawa yake ya kupuliza tu, iachwe ikauke.

Sasa plagi, na hapa usiwe na haraka. Kwenye 1NZ plagi zimekaa ndani ya mashimo marefu katikati ya hedi, yaani kichwa cha injini kilicho juu ya silinda, juu zimefunikwa na koili. Ukichomoa koili, kila moja ina bolti moja ya spana namba 10, utakuta mashimo yamejaa maji na tope. Ukifungua plagi hapo hapo, tope lote linadondoka ndani ya silinda. Kwanza nyonya maji kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti au yapulize kwa upepo huku umefunga macho, mpaka chini pawe pakavu. Ndipo uingize soketi ya plagi ya namba 16. Kila plagi ikitoka ipange kwa mpangilio wa silinda yake, usizichanganye. Iliyolowa na yenye tope inakwambia silinda gani ilikunywa.

Toa fyuzi ya pampu ya petroli. Hili watu wanalisahau. Injini ikizungushwa bila plagi huku nozeli zinapuliza, petroli itarushwa nje kupitia mashimo ya plagi, na cheche moja inatosha kuwachoma. Kwa sababu hiyo hiyo soketi za koili ziache zimechomolewa.

Zungusha injini kwa mkono, spana ikiwa kwenye bolti ya puli ya kranki, kwa upande inakozunguka siku zote, yaani kama mishale ya saa ukiitazama puli. Mizunguko miwili kamili itazipandisha pistoni zote. Usiinamie mashimo. Maji yanatoka kwa nguvu kuliko unavyodhani, na mimi nimeona tope likipiga hadi chini ya boneti. Mkono ukigota mahali, simama. Usilazimishe, rudisha nyuma kidogo, jaribu tena taratibu. Ikigota pale pale wakati plagi zimetoka, hayo si maji tena, kuna kilichopinda.

Ikizunguka laini, funga nati ya sampu, weka filta mpya ya oili na oili ya bei nafuu yenye uzito unaostahili, hapo ndipo unaweza kurudisha betri na kupiga starta kwa sekunde chache chache, plagi zikiwa nje bado, watu wakiwa wamesimama kando, mpaka mashimo yaache kutoa ukungu. Kisha mimina oili safi kijiko kidogo kwenye kila silinda, uzungushe tena kwa mkono ili ipake kuta. Ukifika hapa umeshaizuia kutu, na hata ukiliacha gari siku mbili ukitafuta pesa, halitaharibika zaidi.

Wengi hufunga plagi hapo, wanawasha, gari linanguruma, wanachinja kuku. Mimi nakuomba upime kwanza, kwa sababu konrodi iliyopinda kidogo haizuii gari kuwaka. Linawaka, linakwenda Dodoma na kurudi, pengine lina mtikisiko kidogo ambao unalaumiwa plagi. Lakini chuma kile kimeshachoka, kila mzunguko kinakunjwa na kukunjuliwa, na baada ya wiki au miezi kinakatika ukiwa mlima wa Gairo na abiria wanne. Hapo bloki imetoboka na hakuna atakayekumbuka korongo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kifaa cha duka. Injini ya silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja ina tabia ya pacha: pistoni ya 1 na ya 4 hupanda pamoja na kushuka pamoja, na ya 2 na ya 3 vivyo hivyo. Tafuta waya mgumu ulionyooka, spoku ya pikipiki inafaa. Zungusha kwa mkono mpaka pistoni ya 1 ifike juu kabisa. Simamisha spoku ndani ya shimo la plagi, wima, iguse kichwa cha pistoni, weka alama ya utepe usawa wa ukingo wa shimo. Bila kuzungusha chochote hamia silinda ya 4. Alama inapaswa kulala pale pale. Zungusha nusu mzunguko, rudia kwa 2 na 3. Pacha mmoja akiwa chini kuliko mwenzake, hata kwa milimita moja, konrodi yake imefupika, na hakuna kingine cha kuifupisha ila kupinda. Rudia kupima mara kadhaa kabla hujahukumu, maana spoku ikilala upande inadanganya. Wala usizungushe injini spoku ikiwa imo ndani.

Kipimo cha pili ni geji ya kompresheni, yaani ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Mafundi wengi wa Dodoma mjini wanayo, na pale Kongwa au Kibaigwa ukiulizia hutakosa wa kukuazima. Kitabu cha injini hii kinataka psi 213 kwa injini nzima, isishuke chini ya 156, na silinda zisitofautiane zaidi ya psi 14. Lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Dodoma tuko juu kama mita 1100, hewa ni nyepesi, kwa hiyo hata injini nzima itasoma pungufu, karibu sehemu moja ya kumi. Fundi asikutishe kwa 190. Unachotazama ni silinda kulingana. Pistoni ikipungukiwa milimita 1 tu kwa sababu ya konrodi, silinda ile inapoteza kama sehemu ya kumi ya mgandamizo wake, na kwenye geji inajitokeza peke yake kati ya wenzake. Pima betri ikiwa imejaa, plagi zote nje, mguu umekanyaga mafuta hadi mwisho.

Zikilingana, mshukuru Mungu, funga. Filta mpya ya hewa, plagi kavu. Rudisha fyuzi, washa, iache silensa, yaani ingurume bila kukanyagwa mafuta, dakika kumi hivi, usiibebeshe mzigo. Moshi mweupe mwanzoni ni maji yaliyobaki kwenye ekzosi, utaisha. Zima, mwaga oili ile, weka nzuri. Ukiona bado ina weupe wa maziwa, rudia. Oili mbili ni ghali, lakini beringi za kranki ni ghali zaidi.

Hapo ndipo linaingia suala la jirani yako na dizeli. Mheshimu, ila usimfuate. Dizeli ni nyepesi, haiwezi kubeba beringi za kranki kama oili, na kiasi fulani hubaki kwenye mifereji hata ukimwaga. Kwenye injini ambayo kuta zake zimeshafutwa oili na maji, kuiwasha na dizeli ndani ya sampu ni kutafuta ugonjwa wa pili. Oili mpya iliyozungushwa na kumwagwa inafanya kazi ile ile ya kusafisha bila hatari hiyo.

Kagua na oili ya gia boksi. Gia boksi yenye joto ikizamishwa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa iliyo ndani yake hujivuta, na kama kuna njia ya upumuo juu yake, inanyonya maji kupitia hapo. Legeza nati ya kujazia uone rangi. Breki za nyuma zifunguliwe zioshwe tope. Mikeka ya ndani itolewe yote, siyo kwa ajili ya harufu tu, nyaya zinapita chini yake.

Zisipolingana, una njia mbili. Kushusha injini, kubadilisha konrodi na pistoni iliyoumia, kupima kranki na silinda. Au kununua injini ya mtumba. Kwa 1NZ mimi huwa naelekea kwenye ya mtumba, kwa sababu injini hii imejaa kwenye magari mengi na hupatikana bila kuhangaika, na kazi ya kushona injini iliyokunywa tope inategemea sana mkono wa fundi. Ungekuwa na injini adimu ningesema vingine. Ukinunua, ipimwe kompresheni kabla hujalipa, chukua risiti, na kumbuka kadi ya gari ina namba ya injini, kwa hiyo nenda TRA irekebishwe. Siku ya kuliuza utanishukuru. Kama una bima kubwa, piga picha leo: alama ya tope kwenye mlango, filta iliyolowa, maji yaliyotoka kwenye sampu, na uwape taarifa kabla ya kufungua injini. Bima ndogo haitengenezi gari lako mwenyewe, usipoteze nauli.

Neno kwa wenye dizeli, kwa kuwa najua utamsomea jirani. Wanajiona salama kwa sababu gari lao halina koili za kulowa. Ni kweli, na ndiyo maana linaendelea kwenda mbele mpaka linywe. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda sita, sisi 4164, inabana hewa zaidi ya mara 22. Nafasi juu ya pistoni ni kama mililita 32, ndogo kuliko ya Probox yako ingawa injini ni kubwa karibu mara tatu. Kwa hiyo wao huvunja konrodi kwa maji machache zaidi. Kutoa maji kwao ni kufungua nozeli au plagi za moto, na kama kuna turbo na intakula, ile rejeta ya kupoza hewa inayoingia kwenye injini, fungua bomba la chini la intakula kwanza, maana maji hujificha humo yakingoja gari liwake. Snokeli, lile bomba la kuvutia hewa linalopandishwa hadi usawa wa paa, wanayofunga wengi mjini ni pambo. Isipozibwa vizuri kwenye maungio yote hadi kwenye boksi, maji yanapita pembeni kama kawaida. Faida yake ya uhakika hapa kwetu ni kiangazi, kuvuta hewa juu ya vumbi la gari la mbele.

Na korongo lenyewe? Mvua yetu ni chache, huanza Desemba ikaishia Aprili, lakini ikinyesha ardhi ngumu haiinywi, yote inakimbilia bondeni. Unaweza ukawa juani kabisa Gulwe wakati maji yanashuka kutoka milima ya Kiboriani. Bonde la mto Kinyasungwe limeshaing'oa hata reli ya kati, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata kati ya Kilosa na Gulwe. Uzuri wake, maji hayo hupungua haraka. Kaa ukingoni, weka jiwe kwenye usawa wa maji, angalia kama yanapanda au yanashuka. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kuanza kuinyanyua Probox, na sentimita 60 yanayabeba magari makubwa kuliko lako. Ukiamua kuvuka, subiri lori limalize, usipishane nalo ndani. Ingia gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, mguu usibadilike mpaka utoke. Kiyoyozi kizime ili feni isiwake bila sababu. Injini ikikata katikati, iache kama ilivyo, weka gia nyutro, mlisukume gari.

Ukishapima, niandikie vipimo vya silinda zote nne kwa mpangilio wake, pamoja na ulichokiona kwenye ile chupa asubuhi, nikwambie kama ufunge plagi au uanze kutafuta injini.